Kalamu Niliyoiweka Chini

Alifika kaunta akiwa na sare. Ilikuwa safi, mkanda umekazwa, kofia ameishika mkononi, ila kifungo cha pili kutoka juu hakikuwapo, na uzi wake ulibaki ukining'inia. Nilimfahamu. Alikuwa binti ambaye hajamaliza hata mwaka kazini. Mimi nilikuwa koplo wa polisi, nimeshika zamu ya usiku kituoni, na kitabu cha matukio kilikuwa wazi mbele yangu.

"Afande, nataka kufungua jalada," akasema.

Nikadhani ametumwa. Nikamuuliza mlalamikaji ni nani.

"Ni mimi."

Nikavuta kalamu. Nikaandika namba ya tukio, tarehe na saa. Saa ya ukutani ilikuwa nyuma yangu, juu kabisa, wala sikugeuka kuitazama. Nilikadiria tu, nikaandika saa 8:00 usiku. Nikaandika jina lake na namba yake ya kazi. Akanitajia mkubwa aliyekuwa naye kwenye gari la doria, akaeleza kwa maneno machache alichofanyiwa humo. Hakulia. Alizungumza kama tulivyofundishwa kutoa taarifa: nani, wapi, wakati gani. Nilikuwa nimefika kwenye neno "kwamba" simu ya kaunta ilipolia.

Sauti ile niliijua. "Usiandike chochote. Nakuja."

Nikaiweka kalamu chini.

Mkuu alifika baada ya robo saa. Alimwita binti ofisini, mlango ukafungwa, na walipotoka binti alikuwa ameshavaa kofia yake. Aliponipita hakusema neno, ila alikitazama kitabu, pale kalamu ilipokuwa imelala. Mkuu akaniambia, "Haya ni mambo ya ndani, Koplo. Yamekwisha. Endelea na mengine." Kulipokaribia kupambazuka akaja mtu aliyepoteza kitambulisho. Nikapiga mstari juu ya yale niliyokuwa nimeandika, nikaendelea na kitambulisho.

Miezi miwili baadaye binti alihamishwa, na kisha nikasikia ameacha kazi. Mwaka uliofuata nilivishwa tepe ya tatu. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba mambo hayo mawili yanahusiana. Hakukuwa na haja ya kuambiwa.

Kwa miaka mingi nilidhani ninaumwa kile wanachoumwa askari wengi. Silali. Nakasirika upesi. Nimejitenga na wenzangu, na ibadani nimeacha kwenda kwa sababu niliposikia habari za msamaha nilihisi wanazungumziwa watu wengine. Tukapelekwa semina. Mwezeshaji akatugawia karatasi ya maswali: unashtuka ukisikia kishindo? Unaota tukio la hatari? Unakwepa mahali ulipokaribia kufa? Hapana, hapana, hapana. Nimewahi kufyatuliwa risasi kwenye doria, na usiku ule nililala fofofo. Kilichoninyima usingizi hakikuwa na mlio. Kilikuwa ni mstari mmoja wa wino wa bluu.

Maswali yale yana historia yake. Mwaka 1980 chama cha madaktari wa akili cha Marekani kiliingiza kwenye mwongozo wake ugonjwa wa msongo unaofuata kiwewe. Kwa askari wengi ulikuwa ukombozi, maana kabla ya hapo mtu wa namna hiyo aliitwa mwoga au mlegevu. Lakini kiini cha ugonjwa ule kama ulivyoelezwa kilikuwa hofu: mwili ulionusurika unaendelea kujilinda hata hatari ikishapita. Jonathan Shay, daktari wa akili aliyewatibu huko Boston wanajeshi waliopigana Vietnam, alikuwa akisikia na jambo lingine. Wagonjwa wake hawakurudia tu habari za mabomu. Walirudia habari za kamanda aliyewadanganya, za amri iliyowafanya wawe watu ambao hawakutaka kuwa. Katika maandishi yake, kuanzia miaka ya 1990, akaeleza jeraha hilo, na baadaye akalipanga kwa vipande vitatu: kuna usaliti wa lililo haki, usaliti huo unafanywa na mwenye mamlaka halali, na jambo lenyewe ni zito. Wengi sasa huliita jeraha la maadili. Mimi napendelea kusema jeraha la dhamiri, kwa sababu maadili nayasikia kama kitu cha kwenye mabango, na dhamiri naisikia kifuani.

Mwaka 2009 Brett Litz na wenzake wakalitazama kutoka upande wa pili. Kwao jeraha linaweza kutokana na tendo alilolifanya mtu mwenyewe, au alilolishuhudia, au alilopata habari zake tu, au aliloshindwa kulizuia. Nilipofika kwenye hilo la mwisho niliacha kusoma, nikatoka nje.

Kwa maelezo ya Shay, mimi ni msalitiwa: mkuu wangu aliniamuru nivunje kiapo changu. Kwa maelezo ya Litz, mimi ni mtenda. Yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja, na ilinichukua muda mrefu kukubali kuyabeba yote mawili, kwa sababu la kwanza ni jepesi zaidi kusimulia. Lakini geuza meza, utazame kutoka alikosimama yule binti. Mwenye mamlaka halali aliyemsaliti usiku ule hakuwa mkuu peke yake. Aliyekuwa kaunta ni mimi. Na niliwekwa pale kwa sababu mimi ni mwanamke, ili wanawake wanaokuja na habari kama yake wapate mtu wa kumweleza.

Kaka yangu mkubwa alikuwa dereva jeshini. Tuliishi miaka 17 tukisalimiana vizuri, tukichangia harusi na misiba, bila kuulizana la maana. Nilijua jambo moja tu juu yake ambalo wote kwenye familia walilijua: hawezi kumpita mtu anayepunga mkono barabarani. Husimama. Gari likiwa limejaa, husimama tu amwambie mtu kwamba limejaa. Wanawe walishazoea kuchelewa kila waendako.

Jioni moja nikamweleza habari ya kitabu. Alinyamaza muda, kisha akanieleza ya kwake. Msafara wa malori, amri ya kutosimama kwa lolote, kwa sababu siku chache kabla msafara mwingine ulisimama ukashambuliwa. Mwanamke akatoka vichakani na mtoto, akamnyanyua yule mtoto juu kwa mikono miwili, kama mtu anayekupa mzigo uupokee. Kaka aliendelea kukanyaga mafuta. Kwenye kioo cha pembeni aliwaona bado wamesimama, mikono bado iko juu.

Nikafungua mdomo nimwambie alikuwa akitii amri. Akanizuia kwa kiganja.

"Kila mtu ananiambia sina kosa," akasema. "Wakisema hivyo, wanamfuta yule mama. Kama mimi sikukosa, basi yeye hakuwepo."

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya niandike makala hii. Sisi tunaowapenda askari tuna haraka ya kuwasafisha. "Ulikuwa kazini." "Ungefanya nini?" "Usijilaumu." Tunayasema kwa upendo, nami nimeyasema mara nyingi kwa wenzangu waliokaa wakitetemeka kwenye benchi la nje ya kituo. Lakini mara nyingi tunayasema ili mazungumzo yaishe. Mtu anajaribu kutuonyesha kitu kilichomo ndani mwake, nasi tunamfunga mdomo kwa pongezi. Anaondoka akiwa ameshasamehewa kosa ambalo hakuna aliyelisikiliza.

Watu wa kale hawakuwa na haraka hiyo. Baada ya vita vya Hastings vya mwaka 1066, pale Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, walipoiteka Uingereza, maaskofu wao waliweka masharti ya toba kwa askari wao wenyewe, waliokuwa wameshinda, na vita vyenyewe, inasimuliwa, vilibarikiwa na Papa. Aliyejua kuwa ameua, atubu mwaka 1 kwa kila mtu aliyemuua. Aliyejeruhi asijue kama yule mtu alikufa, siku 40 kwa kila mmoja. Asiyejua idadi, siku 1 ya kila wiki maisha yake yote, au ajenge kanisa. Hata wapiga mishale hawakusahaulika, wale ambao hawana njia ya kujua mshale ulimwangukia nani: nao walipangiwa mifungo yao. Sisemi tuirudishe mifungo ile, wala simhesabu mtekaji kuwa mwalimu wa dhamiri. Kinachonigusa ni kwamba kuna mtu alikaa chini akawaza juu ya mpiga mishale. Hakuambiwa hana kosa, wala hakuambiwa amelaaniwa. Alipewa kitu cha kufanya, na kitu hicho kilikuwa na mwisho.

Sisi tunawapa gwaride na cheti.

Mwanamke anayevaa sare ana lake juu ya hayo yote. Nchini Marekani, idara inayohudumia wanajeshi wastaafu huuliza kila anayekuja kutibiwa kama alifanyiwa ukatili au usumbufu wa kingono alipokuwa jeshini. Takriban mwanamke 1 kati ya 3 hujibu ndiyo, na mwanamume 1 kati ya 50. Kwa kuwa wanaume ni wengi zaidi jeshini, hiyo 1 kati ya 50 nayo ni umati mkubwa wa watu wanaonyamaza, pengine kuliko sisi. Mwanasaikolojia Jennifer Freyd amechunguza kinachotokea baada ya tendo, pale taasisi ambayo mtu anaitegemea kwa riziki na usalama inapomgeuka: inapoficha, inapomhamisha, inapomfanya mlalamikaji awe ndiye tatizo. Anauita usaliti wa taasisi, na utafiti wake unaonyesha kwamba usaliti huo huongeza maumivu juu ya yale ya tendo lenyewe. Mimi naweza kusema usaliti huo unafananaje. Hauna sura ya kutisha. Unafanana na koplo mwenye adabu anayeweka kalamu chini.

Na unapovumilia wanakusifu. Mwanamke asiyelalamika anaitwa jasiri, anaitwa chuma, anapewa wasichana wapya awalee. Anawafundisha kuvumilia kama yeye. Mimi niliwafundisha, Mungu anisamehe.

Kuna jeraha la wanawake wanaohudumu ambalo halina hata mkosaji. Kwenye hospitali za kijeshi za Vietnam, majeruhi walipofika kwa wingi kuliko mikono iliyopo, ilibidi wapangwe: wa kutibiwa sasa, wa kusubiri, na wale ambao hawatarajiwi kupona. Hao wa mwisho waliwekwa pembeni, wapewe dawa ya maumivu, na aghalabu aliyekaa nao alikuwa muuguzi kijana aliyetoka chuoni juzi. Wanajeshi wanawake wa Marekani wapatao 11,000 walihudumu kule, wengi wao sana wauguzi. Ukuta wa kumbukumbu ya vita hivyo ulizinduliwa Washington mwaka 1982, una majina zaidi ya 58,000, na kati yake 8 ni ya wanawake. Sanamu ya kuwakumbuka wanawake ilisimamishwa mwaka 1993, baada ya wauguzi wenyewe kuipigania kwa miaka mingi. Kwa muda wote huo mwanamke aliyekaa na kijana wa watu mpaka akakata roho, huku akijua kuwa kwenye hospitali yenye nafasi kijana yule angepelekwa kwenye upasuaji, aliporudi nyumbani aliambiwa yeye hakupigana.

Kwa polisi nitasema kidogo, ingawa ndiko nilikotoka. Mwanajeshi huenda vitani akarudi. Polisi haondoki wala harudi, kwa sababu anaishi humo humo. Mama uliyesimamia akitolewa nyumbani kwake kwa amri ya mahakama utakutana naye sokoni Jumamosi. Kijana uliyemwona akipigwa mahabusu, ukajifanya unatafuta funguo, atakua, na siku moja atakuwa kondakta wa basi ulilopanda. Jeraha la askari polisi mara nyingi halina tukio moja kubwa. Ni funguo zilizotafutwa mara nyingi mno.

Nimehudhuria mafunzo ya ustahimilivu mara nne. Yana faida. Tulifundishwa kupumua, kulala kwa ratiba, kufanya mazoezi, kupunguza pombe, na mengine ninayafanya mpaka leo. Lakini mara zote nne hakuna aliyeuliza huo mzigo tunaofundishwa kuustahimili umetwikwa na nani. Ukimfundisha mtu kupumua vizuri ili kesho arudi kukata mstari mwingine kitabuni, hujamtibu.

Hugh Thompson alikuwa rubani wa helikopta wa jeshi la Marekani. Tarehe 16 Machi 1968, alipoona wanajeshi wenzake wakiua wanakijiji huko My Lai, Vietnam, alitua kati yao na wanakijiji waliobaki, akawaambia wasaidizi wake wawili, Glenn Andreotta na Lawrence Colburn, wawafyatulie Wamarekani wenzao endapo watawashambulia wale raia. Aliokoa watu. Akaripoti. Yeye alifanya kile ambacho mimi sikufanya. Lakini kwa miaka mingi alitengwa, alitishiwa maisha, aliitwa msaliti. Alipata nishani yake ya heshima kwa tendo hilo mwaka 1998, miaka 30 baadaye, na Andreotta alikuwa ameshakufa vitani wiki chache tu baada ya siku ile. Thompson alisema wazi kwamba aliteseka. Nilipoisoma habari yake nilielewa kwamba hata mwenye dhamiri safi anaweza kuugua, iwapo wale aliowaapia wanamlipa kwa kumpa kisogo. Ushupavu wa mtu mmoja hautoshi, na si haki kumdai yeye peke yake.

Kwangu mimi kilichofungua njia kilikuwa kiti kitupu. Litz na wenzake walibuni tiba ambayo ndani yake mgonjwa huombwa kumleta, kwa mawazo, mtu anayemheshimu, mwenye haki ya kumhukumu na moyo wa kumtakia mema, akamweleza kila kitu, kisha aseme kwa sauti kile ambacho mtu huyo angemjibu. Mshauri wangu alinisogezea kiti. Nikamleta mkufunzi wangu wa kwanza, sajenti mmoja mwanamke aliyekuwa akipita nyuma yetu darasani kukagua tunavyoandika. Alikuwa akituambia kitabu cha matukio hakina kifutio. Ukikosea unapiga mstari mmoja unaosomeka, unaandika sahihi, unaweka saini yako ndogo pembeni, ili kila mtu ajue nani kasahihisha.

Nikamweleza. Nikakaa kimya, nadhani dakika kumi. Nilitarajia atanifokea au atanikumbatia. Sauti iliyotoka kinywani mwangu ilikuwa yake kabisa, na ilisema, "Kitabu unacho. Rudi ukaandike."

Mshauri alinionya jambo ambalo nashukuru nililisikia kabla sijakurupuka. Kumwendea uliyemkosea ili wewe upate usingizi ni kumtumia mara ya pili. Kwa hiyo sikumpigia. Nilimtuma mtu anayemjua, na ujumbe ulikuwa mfupi: nakumbuka, nilikosa, niko tayari kutoa ushahidi popote utakapotaka, na usipotaka kunijibu ni haki yako. Miezi saba haikuja hata salamu. Katika miezi hiyo nilijifunza kukaa na kosa langu bila kulikimbia na bila kulichezea, na kuna usiku nilikuwa na kaka kwenye simu mpaka alfajiri. Wewe unayesoma haya na aibu imekufikisha mahali unawaza kwamba wenzako wangepumzika usipokuwepo, usisubiri asubuhi. Mwamshe mtu. Aibu hunong'ona hivyo kwa wengi wetu, na husema uongo.

Kisha akajibu. Alichagua mahali na siku. Alikuja amevaa gauni la maua, nywele fupi, mkoba begani. "Shikamoo, afande," akasema, ingawa sote tulikuwa tumeshavua sare.

Nilimweleza nilichofanya, kwa mpangilio, bila kuweka "lakini" popote. Akauliza kwa nini. Nikamwambia niliogopa kupoteza kazi, na nilitaka cheo. Hakuna lingine. Alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayehakikisha hesabu aliyokwisha kuipiga siku nyingi. Hakusema amenisamehe, nami sikumwomba aseme.

Nikatoa karatasi. Nilikuwa nimeiandika usiku uliotangulia, kwa mkono, kama ilivyokuwa kitabuni: namba, tarehe, saa 8:00 usiku, jina lake, na maneno yale mpaka pale simu ilipolia. Niliishia pale pale.

Alisoma taratibu. Halafu akanyoosha mkono, nikampa kalamu.

"Haikuwa saa nane," akasema. "Ilikuwa saa saba na dakika arobaini. Nilikuwa naitazama saa juu ya kichwa chako."

Akapiga mstari mmoja juu ya ile saa, akaandika 7:40, akaweka saini yake ndogo pembeni. Kisha akanirudishia karatasi na kalamu.

"Ulikuwa umefika kwenye 'kwamba'," akasema. "Andika."